Wasomaji wa Vifungo

Mpenzi wa sare za kale aliyeko London hununua koti mnadani akalitundika sebuleni. Wa Jinja na Mbale hana anasa hiyo. Sheria ya jeshi la Uganda ya mwaka 2005 inaweza kumtia hatiani raia anayekutwa na vifaa vya jeshi, na tangu Septemba 2019 hata bereti nyekundu imetangazwa rasmi kuwa vazi la wanajeshi. Kwa maoni yangu, katazo hilo limeinoa fani bila kukusudia. Asiyeweza kujaza kabati hulazimika kujifunza kusoma.

Hata hivyo, makoti yenyewe yaliisha zamani. Baridi ya miteremko ya Elgon haina adabu kwa historia: koti zito la sufu alilorudi nalo babu kutoka vitani lilivaliwa shambani na kwenye lindo la usiku mpaka likawa matambara. Sioni cha kulaumu hapo. Koti ni la kuvaliwa. Kilichobaki ni picha za studio, mikanda, na vifungo vilivyochanganyika na sindano kwenye kopo la bibi.

Picha huhitaji subira. Beji ya baragumu yenye tarakimu 4 ni ya batalioni ya nne ya Keya (King's African Rifles), ile ya Uganda. Begani au kofiani pakionekana kichwa cha kifaru, hiyo ni Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Burma mwaka 1944, kutoka bonde la Kabaw hadi mto Chindwin. Rangi usiziamini. Filamu nyingi za zamani ziligeuza wekundu kuwa karibu weusi, na tarabushi ikatoka kama imepakwa masizi. Kisha tazama mikono: vidole vikimezwa na koti, huenda koti ni la kuazima, na ile mistari mitatu ya sajini si yake hata kidogo.

Kifungo hakina maringo hayo. Kigeuze: mgongoni mara nyingi utakuta jina la fundi, Firmin au J. R. Gaunt. Kigeuze tena, uinamishe taji kwenye mwanga wa dirisha. Taji la enzi ya Mfalme George limeviringa juu. La Malkia Elizabeth, lililotumika kuanzia miaka ya 1950, limebonyea katikati. Ubonyeo usiozidi punje ya mtama unatenganisha kizazi cha Burma na kile kilichokuwa kambini Jinja uhuru ulipofika mwaka 1962, batalioni ya nne ikageuka kuwa Uganda Rifles. Lakini bwana ghala hatupi vifungo kwa sababu mfalme amekufa, kwa hiyo taji la zamani lathibitisha tu kwamba kifungo si kipya. Msomaji mzuri huishia hapo, hata familia ikitamani shujaa. Ustahi huo ndio ninaousifu zaidi kuliko macho makali.

Mikanda ya mtindo wa 1937 ina ukarimu zaidi: upande wa ndani umegongwa mshale mdogo wa serikali ya Uingereza, pamoja na mwaka. Mwaka huo ni wa mkanda, si wa kiuno.

Jina la askari likipatikana, liandikwe nyuma ya picha siku hiyohiyo, kwa penseli. Wino hupenya hadi usoni.