Foleni ya Maziwa ya Unga

Riwaya ya Half of a Yellow Sun ya Chimamanda Ngozi Adichie ilitoka mwaka 2006. Washarika kadhaa walionisikia nikiitaja waliniuliza kwa nini mchungaji ahangaike na hadithi yenye mambo ya vitandani. Yamo, sikatai. Lakini humo ndani mna kanisa pia, na limechorwa na mwandishi aliyelelewa katika imani ya Kikatoliki, ambaye babu zake wote wawili hawakutoka hai katika vita vya Biafra.

Kwa vijana ambao habari hizi hazijawafikia: Nigeria ya Mashariki ilijitenga Mei 1967, vita vikaanza Julai, vikaisha Januari 1970. Biafra ikazingirwa, chakula kikakosa njia, na watoto wakavimba kwa kwashakoo. Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, Aprili 1968. Makanisa, Waprotestanti na Wakatoliki pamoja, yakaunda Joint Church Aid, na mashirika ya misaada ya makanisa ya Denmark, Norway, Sweden na Finland, ndugu zetu Walutheri, yalikuwa mstari wa mbele. Ndege zilipaa usiku kutoka kisiwa cha São Tomé mpaka Uli, mahali ambapo barabara ilipanuliwa ikawa kiwanja, na taa ziliwashwa kwa muda mfupi tu wakati wa kutua. Safari zilizidi 5,000, na baadhi ya marubani walikufa. Watu wakazitania herufi JCA kuwa ni Shirika la Ndege la Yesu Kristo.

Hiyo ndiyo habari tunayopenda kusimulia kwenye sikukuu za diakonia. Adichie haisimulii. Amekaa chini, kwenye foleni. Olanna, aliyekuwa mhadhiri wa chuo kikuu, anasukumana na wanawake wenzake kwenye kituo cha misaada kwa ajili ya mtoto wake. Siku moja mgawaji mmoja anayemfahamu anampenyezea kopo la nyama. Njiani askari wa upande wake mwenyewe, wenye njaa, wananyang'anya lile kopo. Tukio lenyewe ni fupi, lakini nimelisoma mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya kitabu. Msaada umevuka bahari, umevuka mizinga, halafu unamfikia mama kwa njia ya kujuana, na unaishia kwa mwenye nguvu. Kitabu cha Matendo sura ya 6 kinasema jambo hilo hilo kuhusu wajane wa Kiyunani waliosahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakujibu kwa kutaja wingi wa mikate. Walibadilisha wagawaji.

Kisha kuna Padri Marcel. Yumo katika kambi ya wakimbizi inayosimamiwa na Kainene, dada wa Olanna, na inagundulika kwamba amekuwa akiwatumia wasichana wenye njaa kabla ya kuwapa chakula. Kainene anamsukuma kifuani na kumfukuza, pamoja na padri mwenzake. Nawafahamu wazee wa kanisa watakaosema kwamba huu ni uchafu wa waandishi wasiopenda dini. Siwaungi mkono. Mahali popote ambapo mtu mmoja anashika ufunguo wa ghala na daftari la majina, na mwingine ana mtoto anayekufa, dhambi hiyo iko mlangoni, na kanzu haizuii kitu. Sisi Walutheri wa Tanzania tumehudumia wakimbizi tangu 1964 kupitia TCRS, hivyo habari za kambi si ngeni kwetu. Swali la nani anashika daftari, na nani anamkagua, linatuhusu kabla ya kuwahusu Wanigeria.

Hata hivyo nina lawama kwa Adichie. Marcel ni mwovu wa kurasa chache. Anaingia tayari ameharibika, tena anaondoka kabla hatujamjua. Uovu wa namna hii huanza taratibu, mara nyingi kwa mtu aliyekuja kwa nia njema, na mwandishi hodari kama huyu angeweza kutuonyesha hatua hizo. Pia amelipita kwa haraka swali gumu kuliko yote: silaha za Biafra nazo zilitua Uli, gizani, zikijichanganya na ndege za maziwa. Fedha za kigeni ambazo makanisa yalibadilisha ili kununua vitu ndani ya Biafra ziliingia kwenye hazina ya serikali iliyokuwa vitani. Juni 1969 ndege ya Msalaba Mwekundu ilipotunguliwa, shirika hilo lilisitisha safari zake, makanisa yakaendelea. Wapo wanaosema kwamba kuendelea huko kulirefusha vita. Mimi nadhani makanisa yalifanya vema kuruka, maana mtoto hawezi kusubiri wanasiasa wapatane. Ila hayakuwa na haki ya kujiita yasiyo na upande. Kumlisha mtu aliyezingirwa ni kumchukiza aliyemzingira, na heri tuliseme wazi kwa washarika tunaowaomba sadaka.

Mwishoni Kainene anavuka mstari wa vita kwenda kutafuta chakula kwa biashara ya magendo, kwa kuwa misaada haitoshi. Harudi. Adichie hatuambii alikufa au vipi. Dada yake anaendelea kumtafuta hata baada ya vita kwisha. Mwanamke aliyewafukuza mapadri ndiye anayetoa nafsi yake kwa ajili ya kambi, na mwandishi hasemi neno lolote la dini juu ya jambo hilo. Hapo amefanya vizuri kunyamaza.

Kamati zetu za diakonia zikikaa kuandaa mkusanyo wa maafa mwaka huu, ningependa kurasa za kambi ya Kainene zisomwe kwa sauti kabla ya kuchagua nani atashika funguo.