Nani aliyeifufua nyumba ya Sycamore?

KILA Desemba runinga hutuletea filamu za Krismasi zinazofanana kama shilingi kwa ya pili. Hoteli kuukuu inakaribia kufungwa, mrithi anatoka mjini, anashika brashi ya rangi, theluji inaanguka, na mambo yanakuwa shwari kabla ya wimbo wa mwisho. Sizibezi, nazitazama na watoto. Tatizo langu nazo ni kwamba ukarabati ndani yake haumchoshi mtu.

Ndiyo maana huirudia It's a Wonderful Life ya Frank Capra, iliyotoka 1946. Wengi huikumbuka kwa sababu ya malaika Clarence, anayemzuia George Bailey (James Stewart) asijiue mkesha wa Krismasi. Leo ningependa tuitazame kama filamu kuhusu nyumba: ile ya zamani ya akina Granville, nambari 320 Sycamore, katika mji wa kubuni wa Bedford Falls.

Nyumba hiyo ni gofu. Vijana huvunja vioo vyake kwa mawe huku kila mmoja akiomba jambo moyoni. George anasema hawezi kuishi humo hata akiwa mzimu. Mary (Donna Reed) anarusha jiwe lake na kulificha ombi lake. Miaka inapita. Siku ya harusi yao, wenye akiba wanaivamia taasisi ya mikopo ya akina Bailey wakidai hela zao, na pesa za fungate zinaishia hapo. Usiku, Mary anamwita mumewe 320 Sycamore. Paa linavuja, kuku anachomwa kwa kuzungushwa na gramafoni, na George anatambua: kumbe ombi lilikuwa hili!

Kiswahili kinatusaidia kuona kitu ambacho filamu inakipita mbio. Tuna nyumba, na tuna nyumbani. Kiambishi -ni kinazigeuza kuta kuwa mahali pa mtu kurudi. Katika filamu hii, anayekiambatisha kiambishi hicho ni Mary. Lakini Capra anaisimulia kazi yake kwa maneno machache ya sauti ya mbinguni: kwamba siku baada ya siku aliigeuza nyumba ile kuwa makao, huku akizaa na kulea. Basi. Kamera inamfuata George.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoiita filamu hii kamilifu. Malaika anapomwonyesha George dunia ambayo yeye hakuzaliwa, Mary ni mseja mwoga mwenye miwani anayefunga maktaba, nayo nyumba imerudi kuwa gofu. Ati bila mume, mwanamke huyu shupavu asingekarabati chochote! Mantiki hiyo inayumba, maana aliyeitaka nyumba tangu mwanzo ni yeye.

Kinachonirudisha kwenye filamu hii ni kitu kidogo: kichwa cha nguzo ya ngazi kinachong'oka George anapokishika. Jioni ile ambayo dola 8,000 zimepotea, kinamtia hasira nusura akirushe. Anaporejea kutoka katika maono, kinang'oka tena, naye anakibusu. Hakuna fundi aliyekuja. Upepo bado unapenya mle mle. Na wakati George anabusu kipande cha mbao, Mary ametoka kuwaarifu majirani kuhusu shida yake, na ndio wanaozileta hela zinazomwokoa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tazama kitenzi: kiko katika nafsi ya pili. Methali inamwambia mtu fulani, wewe, ushike mwiko. Filamu za hoteli kuukuu humwachia kazi hiyo fundi asiyeonekana. Capra angalau amemtaja fundi wake, ingawa kwa sauti ya chini. Ukiitazama mwezi huu, mwache George ahangaike na daraja lake. Mfuate Mary.