Viputo Vinavyoingia Pasipoingia Brashi

Pipeti iliyotumika kupima seramu ya damu kisha ikasahaulika mezani usiku kucha ni mtihani kwa mtu yeyote wa maabara. Uchafu umekaukia ndani ya mrija mwembamba ambao brashi haiwezi kupita. Hata pale inapopita, brashi ngumu huacha mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo huwa maficho ya uchafu wa kesho. Kwa miaka mingi dawa ya shida hii ilikuwa kulowesha vyombo katika mchanganyiko wa asidi ya salfuriki na dikromati. Mchanganyiko huo hula uchafu barabara, lakini kromiamu iliyomo ndani yake ni ya aina inayosababisha saratani, na kuumwaga salama ni kazi nyingine ngumu.

Leo sehemu kubwa ya kazi hiyo imehamia kwenye beseni dogo la chuma cha pua, la lita mbili tatu hivi, linalokaa juu ya meza na kuchomekwa kwenye umeme wa kawaida. Ni kisafishio cha altrasoniki.

Wanaokiona mara ya kwanza hudhani kwamba kinasafisha kwa kutikisa maji, kama mtu anavyosukutua chupa. Dhana hiyo huzaa makosa mengi. Kazi yote hufanywa na viputo vidogo mno, na kila kanuni ya kutumia mashine hii, kuanzia joto la maji hadi mahali pa kuweka kikapu, ina maana moja: kuvipa viputo hivyo nafasi ya kuzaliwa na kupasuka vizuri.

Chini ya beseni, upande wa nje, zimegandishwa transdusa za kauri maalumu inayotanuka na kusinyaa umeme unapopita. Asili ya ujuzi huo ni ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie. Mwaka 1880 walionyesha kwamba baadhi ya fuwele zikikandamizwa hutoa umeme, na mwaka uliofuata wakathibitisha kinyume chake, kwamba zikipewa umeme hubadili umbo. Katika kisafishio cha kawaida kauri hiyo hutetema takriban mara 40,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu hukomea kwenye 20,000 hivi. Altrasaundi ya kliniki ya wajawazito hutumia mitetemo ya mamilioni kwa sekunde, kwa sababu inatafuta picha. Ya beseni ni ya taratibu zaidi, na upole huo ndio unaovipa viputo muda wa kukua.

Wimbi linapopita, maji hukandamizwa kisha huvutwa. Yakivutwa kwa nguvu ya kutosha huchanika, na kwenye mchaniko huo hutokea kiputo chenye mvuke. Wimbi linalofuata hukiponda. Katika muda usiofika hata sehemu moja ya milioni ya sekunde, joto ndani ya kiputo linaweza kufika maelfu ya nyuzi, ingawa maji yanayokizunguka hayachemki, kwa kuwa kiputo chenyewe ni kidogo mno. Kinachomhusu zaidi mwenye pipeti chafu ni kiputo kinachopasukia karibu na ukuta wa kioo. Hicho hakipondeki sawasawa pande zote: upande wa mbali huporomokea ndani na kurusha mchirizi wa maji kuelekea ukutani, kwa kasi inayoweza kufika mita 100 kwa sekunde. Michirizi ya namna hiyo, kwa maelfu, ndiyo inayong'oa uchafu hata ndani ya mrija.

Nguvu hii ilijulikana kwanza kama adui. Mhandisi Charles Parsons alipoishusha majini meli yake Turbinia mwaka 1894, rafadha yake moja ilizunguka kwa kasi kubwa hata ikayachana maji, na meli ikagoma kuongeza mwendo. Ilimbidi aweke mihimili mitatu, kila mmoja na rafadha tatu, ndipo mwaka 1897 meli hiyo ikapita maili za baharini 34 kwa saa. Mwaka 1917 mwanafizikia Lord Rayleigh akatoa hesabu ya shinikizo linalozaliwa kiputo kinapoporomoka ndani ya maji, hesabu iliyosaidia kueleza kwa nini rafadha za shaba zilikuwa zinaliwa na maji matupu.

Sasa turudi mezani. Hatua ya kwanza hurukwa na wengi: maji mapya ya bomba yana hewa iliyoyeyuka ndani yake. Hewa hiyo huingia kwenye viputo na kuwa kama mto laini. Badala ya kupasuka kwa kishindo, vinabonyea tu. Kwa hiyo mashine huwashwa ikiwa na maji tu, bila vyombo, dakika tano hadi kumi, hadi vipovu vya hewa viishe kupanda juu. Kuweka vyombo kabla ya hapo ni kupoteza muda na umeme.

Sabuni ya maabara nayo haiwekwi kwa ajili ya mafuta peke yake. Hupunguza mvutano wa uso wa maji, viputo vikazaliwa kwa urahisi zaidi. Ila ichaguliwe kulingana na chombo: sabuni yenye alkali kali hula alumini, na dawa za klorini za kufulia nguo hutoboa chuma cha pua cha beseni lenyewe.

Joto linahitaji uangalifu zaidi. Kwa uchafu mwingi, nyuzi 50 hadi 65 za Selsiasi hufaa. Zaidi ya hapo mvuke hujaa ndani ya viputo na mpasuko hulegea. Lakini pipeti yetu ya seramu ina protini, na protini ikipata joto hilo huganda na kung'ang'ania kioo kama ute wa yai kwenye kikaango. Husuuzwa kwanza kwa maji baridi, kisha huanzishwa kwenye maji yasiyofika nyuzi 40. Joto hupandishwa baadaye, protini ikishaondoka.

Vyombo huning'inizwa kwenye kikapu cha waya, wala havilazwi chini. Chombo kinachogusa sakafu ya beseni huzuia wimbi kupanda, huchubua chuma na kuzipa joto transdusa. Pipeti huzamishwa kwa mshazari ili hewa itoke yote, maana mahali penye hewa hapana maji, na pasipo na maji hapazaliwi kiputo.

Vimiminika vinavyowaka, kama asetoni, havimiminwi ndani ya beseni kamwe. Mvuke wa asetoni hushika moto hata kwenye baridi kali, na chini ya beseni kuna umeme. Kikihitajika kiyeyushi kingine kisichowaka, hutiwa ndani ya bika ya kioo inayozamishwa nusu kwenye maji yenye sabuni. Kioo hupitisha wimbi vizuri, plastiki laini hulinyonya. Kioo chenye ufa hakiingii humo, wala elektrodi ya pH yenye tunguu jembamba, wala lenzi zilizounganishwa kwa gundi. Mikono pia haiingizwi mashine ikiwa inafanya kazi, na kifuniko hufungwa ili matone yenye vijidudu yasiruke hewani. Kuosha huku hakuui vijidudu. Kazi hiyo hubaki ya otoklevu.

Baada ya dakika kumi hivi pipeti husuuzwa kwa maji ya bomba, kisha kwa maji yaliyokenekwa. Kioo kilicho safi kweli hufunikwa na utando mmoja wa maji unaoteremka bila kukatika. Matone yakijikusanya mahali, hapo bado pana mafuta.

Mashine yenyewe hupimwa kwa foili ya jikoni. Kipande huning'inizwa wima ndani ya maji kwa dakika moja, kisha hutazamwa kwenye mwanga. Sauti hupita majini kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, hivyo wimbi la mitetemo 40,000 lina urefu unaokaribia sentimita nne, na mistari ya vitundu huweza kuonekana kila nusu ya urefu huo, yaani karibu kila sentimita mbili. Vitundu vikienea upana wote, transdusa zote ni nzima. Upande mmoja ukibaki laini, kuna iliyokufa chini yake. Na beseni likitumika miaka mingi, sakafu yake nayo hupata madoa ya kijivu yenye vishimo, jeraha lile lile lililokuwa likipatikana kwenye rafadha za meli enzi za Parsons.