Dhoruba ya jua ya Mei 2024: ilivyotabiriwa, na kwa nini Mafiga haikuona kitu

Ijumaa tarehe 10 Mei 2024, saa 2 usiku na dakika chache, wingu la gesi yenye chaji za umeme lililorushwa na jua liliikumba dunia. Usiku huo picha za anga jekundu na la kijani, yaani aurora, zilianza kumiminika kutoka Ulaya na Marekani, na hatimaye hata Namibia na Afrika Kusini. Mafiga, hapa Manispaa ya Morogoro, mbingu ilibaki ileile. Jumapili ya tarehe 12 intaneti ikazorota vibaya Tanzania nzima. Mtu mwenye haraka angesema jua ndilo lililofanya yote mawili.

Kazi ya kulifuatilia jua huanza na kuhesabu madoa yake. Doa ni sehemu ya uso wa jua yenye sumaku kali inayozuia joto kupanda kutoka chini, kwa hiyo huwa na ubaridi zaidi kuliko maeneo jirani na huonekana nyeusi. Kanuni ya hesabu ni ya Rudolf Wolf wa Uswisi, ya mwaka 1848: zidisha idadi ya makundi kwa 10, jumlisha na idadi ya madoa yote, kisha zidisha kwa kigezo cha mtazamaji na darubini yake. Makundi 6 yenye madoa 41 yanatoa 101, kabla ya kigezo. Mwanafunzi wa sekondari Mafiga anaweza kuifanya kwa kuelekeza darubini ndogo juani na kupokea taswira yake kwenye karatasi nyeupe, bila kamwe kuchungulia ndani ya kioo.

Hesabu hiyo hutaja msimu tu, haitaji siku. Madoa huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi, na kilele cha mzunguko wa sasa kilikuwa Oktoba 2024. Ili kujua siku, watabiri huchunguza kundi mojamoja. Mwezi Mei macho yote yalikuwa kwa kundi lililopewa namba 3664, lenye upana wa kama dunia 15 zikipangwa sambamba, ambalo lilionekana hata bila darubini kwa waliovaa miwani ya kupatwa kwa jua. Ncha zake za sumaku zilikuwa zimechanganyika na kubanana. Kundi la namna hiyo hulipuka.

Na lililipuka, si mara moja. Mwanga wa mlipuko hufika duniani kwa dakika 8, lakini wingu la gesi huchukua siku moja hadi tatu, na mwanya huo ndio unaompa mtabiri nafasi ya kufanya kazi. Kamera za chombo cha SOHO, kilichorushwa mwaka 1995, hufunika duara la jua ili gesi inayotoka pembeni ionekane. Kutokana na picha hizo kituo cha utabiri cha Marekani kilichopo Boulder, Colorado, kilikadiria kasi na njia ya mawingu, na tarehe 9 Mei kikatoa tahadhari ya daraja la G4, ya kwanza ya aina hiyo tangu 2005. Mawingu ya nyuma yalikuwa na mbio zaidi kuliko ya mbele, yakayafikia na kurundikana. Dhoruba ikapanda hadi G5, daraja la juu kabisa, lililokuwa halijafikiwa tangu Oktoba 2003.

Muda ulitabiriwa vizuri. Kilichokosekana ni mwelekeo wa sumaku iliyomo ndani ya wingu, na hilo ndilo linaloamua kila kitu. Ikielekea kusini, huungana na sumaku ya dunia na nishati huingia. Ikielekea kaskazini, tahadhari yote inaweza kuishia patupu. Satelaiti za DSCOVR na ACE zilikuwa zikipima jambo hilo zikiwa kilomita milioni 1.5 kutoka hapa. Kwa kasi ya kilomita 700 kwa sekunde, hizo ni kama dakika 36 tu kabla ya wingu kutufikia. Kwa maoni ya safu hii, utabiri wowote wa aurora unaotaja usiku fulani siku mbili kabla usomwe kama makisio mazuri, basi.

Kwa Mafiga hesabu ni rahisi zaidi. Mwanga mwekundu wa aurora ulio kilomita 400 juu huzama chini ya upeo wa macho ukiwa umbali wa kilomita 2,200 hivi. Hermanus, kusini mwa Afrika Kusini, kilipo kituo cha hali ya anga za juu cha SANSA, shirika la anga la nchi hiyo, ni zaidi ya kilomita 3,000 kutoka Morogoro. Hata kama aurora ingewaka juu ya vichwa vya watu wa Hermanus, hapa isingeonekana. Na milima ya Uluguru nayo, tusisahau, imesimama upande huohuo wa kusini.

Intaneti ya Jumapili? Mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini, upande wa Msumbiji na Afrika Kusini. Tarehe zilikaribiana, basi. Ukanda huu umewahi kuponzwa na sadfa kama hiyo: mwaka 1923 mtaalamu wa hali ya hewa C.E.P. Brooks alionyesha kuwa kina cha Ziwa Victoria tangu 1896 kilipanda na kushuka pamoja na madoa ya jua. Miaka michache baadaye uhusiano ukavunjika, na ziwa lilipopanda zaidi ya mita 2 baada ya mvua za 1961, madoa yalikuwa yanapungua.

Athari ya kweli hapa humwangukia mpima ardhi anayetumia GPS. Katika dhoruba ya Mei 2024, matrekta ya Marekani yanayoongozwa na GPS yalisimama mashambani katikati ya msimu wa kupanda. Morogoro ina tatizo lake la kudumu: ikweta ya sumaku hupita Ethiopia, na sisi tuko karibu nyuzi 16 kusini mwake, ambapo ionosfea, tabaka la juu la hewa lenye chaji za umeme, huwa nzito. Miaka ya madoa mengi, jua likishazama, mapovu ya gesi nyepesi hupanda ndani yake na kuyumbisha mawimbi ya satelaiti, hasa Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba. Dhoruba yenyewe inaweza kuyazidisha au kuyazuia. Kwa hiyo kipimo cha mpaka wa kiwanja kilichochukuliwa saa 2 usiku miezi hiyo kirudiwe asubuhi.