Mfadhili kama Kipengele cha Fani: Skrini ya Watoto Kambini Ifo

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuigawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui, kisha kumtafuta msanii na jamii yake nyuma ya viwili hivyo. Mfadhili huachiwa ukurasa wa shukrani. Kwa riwaya, ambayo yaweza kuandikwa kwa kalamu na daftari, pengine kasoro hiyo si kubwa. Filamu ya watoto haina uhuru huo. Bila fedha haizaliwi, na aliyezitoa huacha alama yake katika msuko wenyewe. Kambi ya Ifo, Kaunti ya Garissa, yalidhihirisha jambo hili kuliko ukumbi wowote wa sinema jijini Nairobi.

Ifo ilifunguliwa mwaka 1991 kuwapokea wakimbizi wa Somalia, ikiwa ya kwanza miongoni mwa kambi za Dadaab. Mwaka 2006 likafika huko shirika la FilmAid, lililoasisiwa mwaka 1999 wakati wa vita vya Kosovo na lililokuwa limekwisha kuanza kazi Kakuma. Lilikuja na lori lenye skrini. Jua likishatua, watu wa rika zote walikusanyika mchangani kutazama. Burudani ilikuwapo, lakini filamu zilizotengenezwa mahususi kwa hadhira ile zilihusu kipindupindu, ndoa za utotoni, ukeketaji na elimu ya wasichana. Shirika liliwafunza pia vijana wa kambini kushika kamera, na hilo si jambo dogo. Gharama zilibebwa kwa sehemu kubwa na UNHCR na serikali za nje.

Msuko wa filamu za aina hii hautofautiani sana: kosa, madhara, mshauri, uongofu. Mtoto ndani yake ni kielelezo zaidi ya kuwa mhusika. Haruhusiwi kubaki mkaidi hadi mwisho, wala kuota jambo lisilo na manufaa kwa afya yake. Lawama haiwaangukii vijana waliozitengeneza. Mwenye fungu la kupambana na kipindupindu sharti aoneshe kwamba ujumbe umefika, na ujumbe hupimika kwa urahisi kuliko kicheko.

Lori hilo lina mababu. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, uliolipiwa na Carnegie Corporation ya Marekani na kuwa na makao Vugiri, Usambara, ulizunguka Afrika Mashariki na gari, jenereta na santuri zenye maelezo kwa Kiswahili na lugha nyingine. Filamu yake mojawapo yamwonesha kibarua anayeuficha ujira wake ukaibwa, na mwenziwe mwenye busara anayeuweka katika benki ya posta. Hadhira ile ilikuwa ya watu wazima waliochukuliwa kama watoto. Ya Ifo ni watoto waliochukuliwa kama wagonjwa watarajiwa. Kulinganisha nia za pande hizi mbili kutakuwa dhuluma, kwani utawala wa kikoloni si sawa na shirika linalookoa maisha. Kinacholingana ni fani.

Dhidi ya mkondo huu yafaa isomwe Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina. Jo, msichana wa miaka 9, anakaribia kufa kwa maradhi. Dada yake, Mwix, anakishawishi kijiji kizima kumtengenezea filamu ambamo yeye ndiye shujaa mwenye nguvu za ajabu. Jo anajua kwamba atakufa, na hakuna anayesimama kumhimiza mtazamaji aende zahanati. Wanakijiji wanachanga walicho nacho, nguvu, muda na maarifa, ili mtoto mmoja apate hadithi, wala hawamdai kitu. Kinaya ni kwamba nje ya hadithi mchango huo ulitoka mbali: filamu ilitokana na mradi wa One Fine Day Films wa Tom Tykwer na Marie Steinmann, ukisaidiwa na fedha za umma za Ujerumani, na ilizinduliwa Berlin. Fedha ya kigeni, basi, si lazima iiue hadithi. Sharti la ujumbe ndilo liuwalo.

Udenmark iliamua kwa sheria ya filamu ya mwaka 1982 kwamba robo ya ruzuku ya dola iende kwa filamu za watoto na vijana. Kenya haijaiga hatua hiyo. Ina Tume ya Filamu tangu 2005, na kanuni za utangazaji zinazodai asilimia 40 ya vipindi iwe ya nyumbani. Lakini kanuni hiyo hudai mavuno pasipo kutoa mbegu.

Tena, nyumbani ni wapi? Mtoto wa Ifo huzungumza Kisomali kwao na husoma Kiswahili na Kiingereza kwa mtaala wa Kenya, ilhali katika tamthilia za runinga za nchi hiyo ni vigumu kumwona mtu wa namna yake, isipokuwa kama tishio. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, na Mpango wa Shirika uliozinduliwa mwaka 2025 kwa nia ya kuzigeuza kambi kuwa makazi ya pamoja na wenyeji, zimeliweka suala hili mlangoni mwa serikali, mwaka uleule ambao Marekani ilikata misaada yake. Shule, maji na zahanati hutajwa kila mpango huo unapojadiliwa. Hadithi haijatajwa.

Waliozaliwa Ifo mwaka 1992 sasa ni wazazi. Watoto wao hutazama katika simu filamu za Kihindi zilizotiwa sauti za Kisomali, kazi ya wafanyabiashara wasio na ruzuku ya mtu yeyote. Ndani yake hakuna anayenawa mikono.