Kiungo na Garasa: Namna Tunavyomsimulia Gaël Bigirimana

Katika makala haya sihakiki kitabu. Ninahakiki simulizi ambayo kijana yeyote wa Bujumbura anayefuatilia kandanda ameisikia mara nyingi: simulizi ya Gaël Bigirimana, kiungo mkabaji aliyezaliwa mjini hapa tarehe 22 Oktoba 1993, akakulia Coventry nchini Uingereza, akaichezea Newcastle United, na miaka kumi baadaye akatua Dar es Salaam kuvaa jezi ya Yanga. Husimuliwa kama habari ya mtu aliyepanda haraka, kisha akashuka taratibu. Hoja yangu ni kwamba usimulizi huu unampima kiungo kwa mizani ya mshambuliaji, na kwamba Kiswahili chetu cha mpira kina mkono wake katika jambo hili.

Nianze na neno lenyewe. Kifaransa humwita mchezaji huyu milieu, mtu wa katikati, yaani kinamtaja kwa mahali anaposimama. Kiswahili kinamtaja kwa kazi yake: kiungo ni kile kinachounga. Goti ni kiungo, kiwiko ni kiungo. Iliki na mdalasini navyo ni viungo, na sijawahi kumsikia mtu aliyekula pilau akasema ameshiba iliki. Aliyelichagua neno hili alikuwa anauona mpira vizuri. Goti la mtu mzima hakuna anayelifikiria mpaka siku lianze kuuma.

Mimi nimekulia Gihosha, kwenye mitaa ya Kirundi na Kifaransa. Kwa wazazi wetu Kiswahili kilikuwa lugha ya Buyenzi na Bwiza, lugha ya soko na ya madereva. Kwangu, Kiswahili cha kwanza ambacho hakikuwa cha salamu wala cha kupatana bei kilikuwa cha watangazaji wa mpira wa Tanzania, tuliowasikiliza kwenye simu ya mmoja wetu pale ligala. Kwa hiyo nikiwakosoa, mjue ni mwanafunzi anayewakosoa walimu wake wa kwanza. Na ni mafundi. Kiungo mkabaji wao humwita mkata umeme, na kwa sisi ambao umeme hutukimbia mechi ikiwa dakika ya sabini, istilahi hiyo haihitaji kamusi. Lakini tazama inasifu nini. Inasifu kuvunja. Yule anayepokea mpira kwa beki, akageuka, akautoa salama, kisha akasogea hatua tatu ili aupokee tena, huyo hana sitiari yake. Mara nyingi hapo ndipo mtangazaji anapopata nafasi ya kusoma tangazo la biashara.

Sasa turudi kwenye simulizi. Ina kipande kimoja ambacho kila msimulizi hukipenda. Familia ya Bigirimana ilifika Uingereza mwaka 2004. Siku moja, husimuliwa, mama yake akamtuma kijana dukani kununua maziwa. Njiani akapita penye kituo cha vijana cha Coventry City, akaingia bila kualikwa, akaomba majaribio. Hakupokelewa papo hapo, lakini hakukata tamaa, na mwishowe akapewa nafasi.

Waliosoma fasihi simulizi watalitambua umbo hili mara moja. Mtoto anatumwa kuteka maji au kuokota kuni, na njiani anakutana na jambo linalogeuza maisha yake. Ndiyo maana kipande hiki kinasimulika kirahisi hivyo: tulikuwa tunakijua kabla ya kukisikia. (Hakuna msimulizi hata mmoja, kwa niliowasikia, anayetuambia kama maziwa yalifika nyumbani.) Tatizo ni kwamba ngano huishia mlango unapofunguka. Kijana anaoa binti wa mfalme, msimulizi anakwenda kulala. Bigirimana, mlango ulipofunguka, alikuwa na zaidi ya miaka kumi ya kwenda kazini kila asubuhi, na kwa miaka hiyo ngano haina lugha.

Alianza kuichezea timu kubwa ya Coventry msimu wa 2011/12, katika daraja la pili la Uingereza. Coventry ikashuka daraja, lakini yeye Newcastle wakamchukua Julai 2012 akiwa na miaka 18. Akawa Mrundi wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, mwaka mmoja kabla ya Saido Berahino wa West Bromwich, naye mzaliwa wa Bujumbura wa mwaka uleule wa 1993. Tarehe 3 Desemba 2012 Newcastle iliifunga Wigan 3-0, na bao la tatu lilikuwa la Bigirimana. Bao hilo ndilo lililomfanya ajulikane huku kwetu. Lisilosimuliwa ni nani walikuwa mbele yake kwenye nafasi ile: Yohan Cabaye, Cheick Tioté, Vurnon Anita, na kuanzia Januari 2013 Moussa Sissoko. Kijana wa miaka 19 aliyepata mechi 13 za ligi katika msitu ule hakufanya vibaya.

Baada ya hapo simulizi inaingia gizani. Februari 2015 Newcastle iliwapeleka wachezaji watano kwa mkopo Rangers ya Glasgow, yeye akiwa mmojawapo. Hakucheza hata dakika moja. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kiafya, haikufafanuliwa, na sidhani kama ilipaswa kufafanuliwa. Hapa ndipo usimulizi wetu unapofichua udhaifu wake. Shujaa wa masimulizi ya Waswahili akianguka, lazima awepo aliyemwangusha. Fumo Liyongo ana mwanawe na sindano ya shaba. Bigirimana hana mtu wa namna hiyo, basi msimulizi anatafuta wa kumbandika. Pale ligala nimesikia bahati mbaya ikitajwa, nimesikia uchawi ukitajwa. Sijamsikia mtu akisema kwamba mwili wa mwanadamu huweza tu kumgomea mwenyewe, kwa mwaka mzima, bila njama ya mtu.

Alirudi Coventry. Tarehe 2 Aprili 2017 timu hiyo ilicheza fainali ya EFL Trophy kwenye uwanja wa Wembley dhidi ya Oxford United, ikashinda 2-1, na bao la kwanza likawa la Bigirimana. Wasimulizi huamka tena hapa, kwa sababu bao limepatikana. Wanasahau kutaja kwamba msimu huohuo Coventry ilishuka hadi daraja la nne. Sisemi haya ili kuipunguza furaha ya Wembley. Ninachosema ni kwamba msimu ule ulikuwa na mechi nyingi za kupoteza, kwenye viwanja vya baridi, na kuna mtu alikuwa akizicheza.

Kisha Uskoti. Msimu wa 2017/18 klabu yake ya Motherwell ilifika fainali mbili, ya Kombe la Ligi na ya Kombe la Uskoti, ikafungwa 2-0 na Celtic katika zote mbili. Januari 2019 akaenda Hibernian. Katikati ya mwaka huohuo alikuwemo kwenye kikosi cha Burundi kilichokwenda Misri kwa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, za kwanza katika historia yetu. Mechi tatu, vipigo vitatu, bao sifuri. Ukiziandika hivyo ni aibu. Lakini Nigeria walitufunga 1-0, na bao lao lilikuja dakika ya 77. Madagaska nao 1-0, dakika ya 76. Yaani kwa zaidi ya saa moja, mara mbili, timu ambayo haijawahi kufika pale ilizuia mlango. Bao lina mwenyewe, jina lake linaandikwa ubaoni na dakika yake. Bao ambalo halikufungwa halina mwenyewe, na kwa hiyo halimo kwenye simulizi. Guinea ndio waliotufungua kweli, 2-0, siku tulipolazimika kushambulia.

Nafika Dar es Salaam, ambako mambo haya yanaonekana waziwazi zaidi. Yanga walimsajili Julai 2022, wakiwa mabingwa ambao hawakupoteza mechi hata moja ya ligi msimu uliotangulia. Alitangazwa kwa jina la Newcastle, kana kwamba alishuka kwenye ndege iliyotoka huko moja kwa moja. Kumbe aliyekuja alikuwa mchezaji wa Glentoran ya Belfast. Katikati ya uwanja aliwakuta Khalid Aucho na Yannick Bangala, watu ambao kocha hakuwa na sababu ya kuwagusa. Akacheza kidogo. Kabla msimu haujaisha akawa ameshaondoka.

Neno alilopewa na baadhi ya mashabiki ni garasa. Linatoka kwenye karata: garasa ni karata isiyo na pointi. Ukilitazama vizuri, neno hilo ni nadharia nzima ya uhakiki. Linasema thamani ya kitu ni kile kinachohesabika mwisho wa mchezo. Lakini mcheza karata yeyote anajua kwamba ukipewa mkono wa pointi tupu, bila garasa hata moja ya kutupa, utaumia. Waswahili wa vijiweni wanalijua hili wakiwa na karata mkononi, wakihamia kwenye mpira wanalisahau.

Linganisha na msimu huohuo wa 2022/23, ligi hiyohiyo, Mrundi mwingine. Saidi Ntibazonkiza alikuwa ameachana na Yanga mwaka 2022, akaenda Geita Gold, kisha dirisha dogo akahamia Simba. Alimaliza na mabao 17, akagawana tuzo ya ufungaji bora na Fiston Mayele wa Yanga. Naye huandikwa kiungo, kiungo mshambuliaji. Alikuwa na miaka 36, amepita Uholanzi, Poland, Uturuki na Ufaransa, akarudi nyumbani Vital'O, na hakuna aliyeiita safari hiyo kushuka, kwa sababu iliishia kwenye hesabu ya mabao. Watangazaji walimpenda kiasi cha kulikata jina lake likabaki Saido. Laiti wangejua Kirundi, wangelitumia jina lake lote: Ntibazonkiza, yaani hawataniokoa. Hakuna sitiari bora zaidi ya mchezaji anayefunga peke yake timu ikiwa imelala.

Tusidhani ugonjwa huu ni wa Afrika Mashariki tu. Renato Sanches wa Ureno alichaguliwa mchezaji bora kijana wa Euro 2016 akiwa na miaka 18, akajiunga na Bayern München. Mwaka uliofuata akapelekwa Swansea kwa mkopo, na katika mechi dhidi ya Chelsea akapiga pasi iliyokwenda kwenye bango la matangazo pembeni mwa uwanja. Dunia nzima ilicheka. Mwaka 2021 alikuwa bingwa wa Ufaransa na Lille, lakini ukimtaja leo mbele ya vijana watano, wanne watakukumbusha bango. Tofauti yake na Bigirimana ni kwamba Sanches alikuwa na kombe la kuwajibu. Mkata umeme wa daraja la nne hana la kujibu.

Mwenzangu mmoja wa darasa alilisoma rasimu hii akanipinga, na pingamizi lake lina uzito. Alisema: angekuwa mzuri, angecheza. Sidai kwamba Bigirimana alikuwa Cabaye. Katika mechi za timu ya taifa nilizozitazama, alikimbia kuliko wote na alikaba kwa moyo, lakini pasi zake za kwenda mbele zilikuwa za tahadhari mno, na kocha wa timu inayotaka ubingwa ana haki ya kutafuta mwingine. Huo ni uhakiki, nami naukubali. Garasa si uhakiki. Haisemi lolote kuhusu pasi, wala kuhusu nafasi, wala kuhusu Aucho. Inafunga mjadala.

Nalichukulia kwa uzito kwa sababu neno hilo halikubaki uwanjani. Hapa Gihosha nimelisikia likisemwa, katikati ya Kirundi safi, kuhusu jirani aliyekaa Ulaya miaka tisa akarudi bila gari. Miaka tisa hiyo alikuwa akiwalipia wadogo zake ada, na mmoja wao ndiye muuguzi wa mtaa wetu. Hakuna aliyeihesabu. Walihesabu gari.

Bigirimana alipotoka Dar es Salaam alirudi Ireland ya Kaskazini, na mwaka 2023 akajiunga na Dungannon Swifts, klabu ya mji mdogo wa kaunti ya Tyrone. Magazeti ya michezo yaliyokuwa yakimwandika kila siku Julai 2022 hayakuwa na sababu ya kufuata huko. Alikuwa karibu na miaka 30, umri ambao kiungo mkabaji huwa ameanza kuujua mpira kweli, na nafasi aliyopewa ilikuwa ileile, katikati, mbele ya mabeki.