Majani ya Septemba Hupandwa Machi

Ukitaka kumjua mwenye akili ya majani Kilimanjaro, usimtembelee Mei. Mei kila mtu ni tajiri. Masika yamekwisha kupiga, kingo za mifongo, ile mifereji ya maji ya mlimani, zimefunikwa, na hata mzembe akipitisha mundu nyuma ya banda anarudi na mzigo. Nenda Septemba. Simama kando ya barabara inayopanda kutoka Moshi mjini kwenda Uru au Machame, utazame magari madogo yaliyosheheni mabua ya mahindi mpaka yanayumba kwenye kona, na kina mama wanaoteremka na kamba mkononi kwenda kutafuta chochote cha kijani huko chini. Anayenunua mabua yale, mara nyingi, analipia majani ambayo hakuyapanda Machi. Na hatua chache kutoka kwake yuko jirani mwenye eneo lilelile, mvua ileile na ng'ombe yuleyule, ambaye asubuhi hiyo amekata matete mabichi ukingoni mwa tuta lake.

Huyo jirani ndiye ninayetaka kumsifu, na mara nyingi ni mwanamke. Kazi yake haina sherehe. Kahawa ilipata chama chake mwaka 1925, kikazaliwa upya mwaka 1933 kwa jina la KNCU, na mpaka leo ina mnada. Ndizi ina mbege na wanywaji wake. Majani hayana mnada wala wimbo, na mtu akiyajua vizuri hatajwi popote isipokuwa ng'ombe wake anaponenepa mwezi ambao wa wenzake wanatoa mbavu.

Huko Marekani wapo wawindaji wanaopanda vishamba vya klova, ngano na tanipu pembezoni mwa misitu ili kuwavuta paa wa huko. Wanapima kipi kitakuwa kitamu Septemba na kipi kitabaki kijani baridi ikianza, kisha wanakaa kimya wakingoja. Nawaelewa. Kazi yao na ya mama wa Uru ni hesabu moja: mnyama atataka nini, mwezi gani, na udongo huu utatoa nini wakati huo. Ila huku mnyama hatembei. Kwa vizazi vingi ng'ombe wa Wachaga alilala chini ya paa moja na wenye nyumba, akalishwa ndani, akatoa samadi iliyokwenda mgombani. Pongo wa msituni, kwa upande wake, hahitaji kupandiwa kitu ili aje. Maharage ya mtu yakiwa karibu na msitu, anajialika mwenyewe.

Kufungwa huko kwa ng'ombe ndiko kulikofanya majani yawe ufundi. Ng'ombe wa maziwa wa kilo 400 anahitaji chakula kikavu cha kama kilo 12 kwa siku. Kwa matete mabichi, ambayo sehemu kubwa ni maji, hiyo ni kilo 60 hadi 70, kila siku, Krismasi ikiwemo. Weka hesabu hiyo ndani ya kihamba, shamba la Mchaga linalozunguka nyumba yake. Juu kuna mringaringa na mfuruanje, chini yake migomba, chini yake kahawa, na chini kabisa magimbi. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliuingiza mfumo huu, kwa mfano wa Shimbwe Juu, katika orodha ya urithi wa kilimo duniani, na ni haki. Lakini kihamba hicho hicho kimegawanywa kwa wana, kikagawanywa tena kwa wajukuu, mpaka sehemu nyingine unaweza kumsalimia jirani ukiwa jikoni kwako. Hakuna mahali pa kuweka shamba la majani.

Kwa hiyo yanapandwa pasipo mahali. Ukingo wa tuta, bega la mfongo, ukanda mwembamba kati ya masale ya mpaka na njia ya miguu, mteremko ulio mkali mno kwa jembe. Ukimwuliza mtu shamba lake la majani liko wapi, anaweza kushindwa kukuonyesha, kwa sababu limezunguka kila kitu kama pindo la kanga. Nimeona kihamba ambacho ukiunganisha kingo zake zote unapata eneo la maana kabisa, na hakuna mgomba hata mmoja uliong'olewa.

Uchaguzi unaanzia kwenye urefu wa mlima. Chini, kuelekea barabara kuu, matete hayana mpinzani. Yanapenda joto, samadi na maji, na yakivipata hayakamatiki. Ukipanda juu, karibu na msitu, baridi inayafunga miguu. Hapo setaria inavumilia zaidi, na majani ya guatemala, ambayo wataalamu wengi huyadharau kwa sababu protini yake ni ndogo, yanaonyesha thamani yake. Mimi nayatetea. Shina lake pana linashika udongo kwenye mteremko kuliko ukuta wa mawe, na jani lake linabaki jani kwa muda mrefu, wakati matete yaliyocheleweshwa yanageuka fimbo. Mwenye kujua hupanda yote mawili: matete ya kukata mara kwa mara, guatemala ya kuwekea akiba yakiwa yamesimama.

Kosa la kawaida ni kusukuma matete mpaka chini ya mibuni. Mizizi yake ina njaa, na kahawa ndiyo itakayolipa. Fundi huacha nafasi, na nafasi hiyo haiachi wazi.

Kupanda kwenyewe kunachukua dakika chache. Kuchagua mbegu ndiko kunakotaka subira. Anatafuta shina lililokomaa, si ncha laini wala bua lililokwisha kukauka moyo. Anakata kipingili chenye vifundo vitatu, anakilaza kwa mshazari, viwili udongoni na kimoja nje, macho yakitazama juu. Mstari hadi mstari mita moja, shina hadi shina kama nusu mita. Hili linafanyika mvua za kwanza za Machi zikishalowesha udongo, kabla masika hayajawa mazito kiasi cha kuozesha vipingili. Wakenya wana njia yao wanayoiita tumbukiza: shimo la sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, linajazwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi, kisha vipingili kadhaa vinatumbukizwa humo pamoja. Kwa kihamba chenye kona moja tupu, au kwa shamba la chini lenye mvua ya kubahatisha, sijaona njia bora. Shimo linashika maji wakati mstari umekauka.

Katikati ya mistari inaingia desmodiamu, mkunde unaotambaa. Unayapa matete naitrojeni, unamwongezea ng'ombe protini, unafunika udongo. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, waliligeuza jozi hili kuwa mtego: desmodiamu katikati ya mahindi inawafukuza nondo wa funza wa mabua, matete yaliyozunguka shamba yanawavuta watage huko, na viwavi wakitoboa shina wananaswa na utomvu wake. Wakulima wanaiita sukuma-vuta. Wale wawindaji wa Marekani wangependezwa: hapa napo mtu anapanda chakula ili kiumbe aje kwa hiari yake, na mgeni haondoki.

Baada ya miezi mitatu au minne mundu unaingia kwa mara ya kwanza. Kuanzia hapo kila kitu ni jicho. Matete yakifika kati ya magoti na kiuno, au juu kidogo, protini yake ni kama asilimia 10 ya kile kikavu. Yakiachwa yampite mtu kichwa yanajaza macho ya wapita njia, na mwenye nayo anasifiwa, lakini protini imeshuka karibu nusu, na tumbo la ng'ombe linafanya kazi kubwa kwa faida ndogo. Ni vigumu kumshawishi mtu akate majani ambayo bado yanaongezeka. Anaona kilo anazopoteza. Maziwa anayopoteza haoni, kwa kuwa hajawahi kuyakamua.

Kisha kuna mzunguko, na hapa ndipo namvulia kofia fundi. Anagawa kingo zake zote vipande vipande kichwani, bila kamba wala karatasi. Leo anakata juu ya mfongo, wiki ijayo chini ya mringaringa, wiki inayofuata mpakani. Akifika kipande cha mwisho, cha kwanza kimetimiza wiki sita au nane na kiko tayari. Kila alipokata anaacha kisiki cha kiganja kimoja na kumwaga samadi siku hiyohiyo. Mwanafunzi hukata karibu na ardhi kwa tamaa, na shina linachelewa au linakufa. Fundi huonekana mvivu, anaacha sentimita kadhaa kila mahali, na mwaka wa sita shina lake bado linatoa.

Mwezi wa Juni mzunguko huo unabadilika, na wengi hawajui kwa nini. Mvua imekatika, lakini ardhi ya mlimani bado ina unyevu, na bado majani yameacha kukua. Watu wanalaumu ukame. Kinachozuia, hasa vijiji vya juu, ni baridi: mlima umejifunika wingu mpaka Agosti na jua halifiki. Anayelijua hilo anahakikisha kingo zake zimekatwa na kulishwa samadi kabla baridi haijakaza, ili zikae zikiwa changa, na anaiacha guatemala bila kuigusa tangu Mei. Septemba jua linaporudi, zile changa zinaamka na ile guatemala ndiyo inayolisha banda zikisubiriwa.

Kwa nini asikaushe ziada ya Mei akaiweka? Kwa sababu Mei mlimani hakuna siku mbili za jua zinazofuatana. Majani yanayotandazwa yanaota ukungu. Kukausha ni kazi ya tambarare, ambako nyasi za Rhodes zinakauka vizuri na kufungwa marobota kwa sanduku la mbao. Mlimani njia inayoeleweka ni saileji: matete yanakatwakatwa vipande vidogo, yananyunyiziwa molasi, yanakanyagwa kwenye shimo au mfuko wa nailoni mpaka hewa itoke, kisha yanafunikwa. Molasi iko jirani, kwenye kiwanda cha sukari cha TPC pale Arusha Chini. Bado ni wachache wanaofanya hivyo, na sidhani ni kwa kutojua. Kukatakata kwa panga majani ya kujaza shimo ni kazi ya kuvunja mgongo, na mwenye mashine ya kukatia hapatikani kila kijiji.

Miti ya malisho ilikuwa na siku zake. Lusina ilipandwa kwa shauku kubwa mpaka mwaka 1992, wadudu wadogo wanaonyonya machipukizi yake walipofika Afrika Mashariki wakaikausha ncha. Waliong'oa walifanya haraka. Waliobaki nayo waliipunguza, wakaongeza kaliandra pembeni, na leo wanachuma zote mbili, wakiangalia lusina isizidi theluthi ya chakula, maana ina sumu yake ikizidishwa. Mgomba nao ni rafiki wa shida: shina lake ni maji zaidi ya asilimia 90, linakata kiu kuliko njaa. Ng'ombe anayelishwa migomba mitupu Oktoba nzima anakaa hai, na hakuna zaidi ya hapo.

Mabua niliyoyataja mwanzo siyadharau. Shamba la tambarare ni nusu ya pili ya kihamba, na mahindi yake yana watu upande mmoja na ng'ombe upande mwingine. Tofauti ni namna ya kuyachukua. Anayekata mapema, mara hindi linapokauka, akayasimamisha kivulini, anapandisha chakula. Anayeyaacha shambani yapigwe jua na kuliwa na mchwa anapandisha kuni. Mabua ya maharage ni bora kuliko ya mahindi, na makapi ya mpunga kutoka Mabogini na Chekereni yanasaidia tumbo lijae.

Zamani palikuwa pia na msitu. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilitenga ukanda wa nusu maili chini ya hifadhi ili wananchi wapate kuni na majani, na vizazi vya wanawake vilijua kila bonde lake. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa, mipaka ikakazwa. Nadhani hapo ndipo ukingo wa kihamba ulipoanza kutazamwa kwa macho mapya. Wanawake wa Nronga, Machame, walioanzisha ushirika wao wa maziwa mwaka 1988, walikuwa tayari mbele: maziwa ya kupeleka kila asubuhi hayaruhusu kutegemea majani ya kuokota.

Mtu akitaka kuanza Machi ijayo, mbegu ataipata kwa jirani, kwa maana matete huombwa. Lakini aombe akiwa na macho. Kenya magharibi na Uganda kuna ugonjwa wa udumavu ulioharibu mashamba mengi, na unasafiri ndani ya vipingili. Shina refu, lisiloguswa, linaweza kuuficha vizuri. Unajitokeza baada ya kukatwa: machipukizi yanarudi mafupi, membamba, ya manjano, yamejazana kama yanaoneana haya. Basi usiombe kuona matete marefu. Omba kuona yaliyokatwa mwezi uliopita. Mwenyeji akikuonyesha marefu tu, mshukuru, kunywa chai yake, kisha panda kilima ukaombe kwingine.